Sababu kumi na mbili za divai, na ile ya kumi na tatu

"Shikamoo mzee. Sisi ni marafiki sita hapa Tanga, tunakutana Jumamosi jioni Raskazone kwa mmoja wetu. Kwa utani tuliandika sababu kumi na mbili za kunywa divai, moja kwa kila mwezi, tukabandika karatasi kwenye friji. Januari: kuliwaza mifuko baada ya ada za shule. Februari: wapendanao. Machi: joto. Aprili: mvua, tupashe miili. Mei: kuongeza damu. Juni: kulinda moyo. Julai: pweza. Agosti: mavuno ya Dodoma. Septemba: kumtii Mtume Paulo. Oktoba: kuihurumia chupa iliyobaki isiharibike. Novemba: mvua tena. Desemba: hakuna anayeuliza. Shemeji yangu, ambaye hakosi jibu, anasema ya Mei na Juni tu ndiyo ya kweli, nyingine upuuzi. Tena divai yetu mara nyingi ina ladha ya zabibu kavu zilizoungua, hata tukinunua mpya, na nyekundu hatuiweki kwenye friji, tunaiweka juu yake kama tulivyofundishwa. Jambo dogo la mwisho: siku hizi nafungua nyingine peke yangu Jumatano nikitoka kazini, nipate usingizi. Je, kuna ubaya kuwa na sababu mwaka mzima?"

Marahaba, mwanangu. Karatasi yenu nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka, ya pili na kalamu nyekundu mkononi. Ujue unayezungumza naye: nimesindika zabibu Dodoma kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Tanga, kwa hiyo divai naijua tangu shambani hadi kwenye kizibo. Udaktari sina. Swali lako likiingia mwilini nitakuambia lililokwisha kuthibitika, na likihitaji daktari nitakuambia uende. Jirani ambaye dini yake imemkataza, jibu hili si lake, apite kwa amani.

Unataka kujua sababu ipi ina ukweli, kwa nini divai yenu imeungua, na kama ni vibaya kuwa na kisingizio cha kila mwezi. Na chini kabisa umechomeka sababu ya kumi na tatu, ile ya Jumatano, ukaiita jambo dogo. Nitaifikia.

Nianze na shemeji. Ameigeuza karatasi kichwa chini miguu juu. Hizo mbili alizozipitisha ndizo zinazoanguka. Zile nyingine, ada za shule na pweza na wapendanao, hazimdanganyi mtu, maana kila anayezisoma anajua ni utani. Za Mei na Juni zimevaa koti jeupe la hospitali.

Hii ya damu imeenea pwani na bara. Mtu akitoka kujifungua, akitoka kulazwa, shangazi anaingia na chupa ya divai nyekundu kwenye kikapu. Mimi naona chanzo chake ni rangi tu. Hata rozela na bitiruti vimepewa cheo hichohicho. Lakini mwili haupaki rangi. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na kazi hiyo inataka madini ya chuma na vitamini mbili, foleti na B12. Tupige hesabu ya chuma peke yake. Glasi ya mililita 150 ya divai nyekundu ina kama miligramu 0.7. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 hivi kwa siku. Kuzipata kwa divai itabidi unywe glasi kama 26, yaani chupa tano na kitu, na mtu aliyemaliza chupa tano hahitaji damu, anahitaji machela. Halafu kuna kichekesho juu ya kichekesho: divai nyekundu ina tanini, ile inayokausha ulimi, ndugu ya ile iliyo kwenye chai ya rangi, na tanini hukishika chuma cha chakula kisifyonzwe vizuri. Ukizidisha kunywa, foleti inapungua na uboho wenyewe unalegea. Divai unayoinywa kuongeza damu, ikizidi, inaipunguza.

Ukitaka chuma, kula maini, dagaa, maharage, mchicha, na ukamulie limau, maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na ukijiona unachoka kupanda ngazi, moyo unakwenda mbio, viganja vimepauka, usitafute chupa wala bitiruti. Nenda ukapime wingi wa damu. Huku kwetu malaria, minyoo na hedhi nzito vinaondoa damu kimyakimya, na kila kimoja kina tiba yake.

Ya moyo ina historia ndefu kidogo. Mwaka 1991 kipindi kimoja cha televisheni ya Marekani kilieneza kitendawili cha Wafaransa: wanakula mafuta na jibini, lakini ugonjwa wa moyo kwao si mwingi kama ungetarajia, basi huenda ni divai nyekundu. Mauzo yakapanda. Baadaye watafiti waliporudi kuchunguza wakaona ufa. Watu wanaokunywa glasi moja kwa utaratibu mara nyingi ndio haohao wenye kipato, wanaokula mboga na kutembea jioni. Na kwenye kundi la "wasiokunywa" walikuwamo wengi walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Ukilinganisha makundi hayo, divai itaonekana dawa hata kama haijafanya lolote. Ile resveratroli, kemikali inayotajwa sana kuwa ndiyo inayolinda moyo, imo kweli kwenye ganda la zabibu, ila ndani ya glasi ni kidogo mno. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na tangu 1988 pombe imo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Simaanishi kwamba glasi ya Jumamosi itakuua. Namaanisha usiinywe kama kidonge. Kama hujawahi kunywa, usianze kwa ajili ya moyo, na daktari wa moyo akikukataza usimletee habari za Wafaransa.

Mtume Paulo sitabishana naye. Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, katika zama ambazo maji ya mjini yangeweza kukulaza wiki. Asidi na kilevi huua baadhi ya vijidudu, ndiyo maana wa kale walichanganya divai na maji. Wewe una sufuria na jiko, chemsha maji. Tena nimeona wengi wanaoukariri mstari ule wanalikumbuka neno mvinyo na kulisahau neno kidogo.

Mvua za Aprili na Novemba: divai haipashi mwili. Inapanua mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, uso unawaka, nawe unasikia joto ambalo kwa kweli linakutoka. Kwa baridi ya Tanga hilo halimuui mtu. Lushoto usiku wa Julai, usilale nje ukilitegemea.

Sasa Machi, na hapa ndipo penye ugonjwa wa divai yenu.

Mliambiwa nyekundu haiwekwi kwenye friji, inywewe kwa joto la chumbani. Ni kweli, lakini chumba cha nani? Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya ambazo sebule yake ilikuwa nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Raskazone mwezi wa Machi, kaskazi limepungua na masika bado kufika, inapita nyuzi 30. Hapo kilevi hupanda na kuchoma pua kabla hujaonja, utamu unazidi, harufu ya tunda inapotea. Nyekundu iingize kwenye friji saa moja hivi au zaidi kidogo kabla ya kunywa. Usiiache usiku kucha ikawa kama soda, maana baridi kali huifanya tanini iwe chungu. Nyeupe inataka nyuzi 8 hadi 10, kwa hiyo saa mbili au tatu. Umeme ukikatika, chukua ndoo, tia barafu ile ya wavuvi, maji na chumvi kiganja kimoja, zamisha chupa mpaka shingoni. Kwa robo saa hadi dakika ishirini imepoa. Maji ni muhimu. Barafu tupu inaigusa chupa huku na kule tu.

Lakini ile ladha ya zabibu zilizoungua inatokana na chupa ilikolala kabla ya kufika mezani. Divai ndani ya chupa haijalala, inaendelea kubadilika polepole, na joto huharakisha mabadiliko hayo. Ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 30, tunda jipya linageuka jamu, rangi inaelekea kahawia. Tena kimiminika kikipata moto kinatanuka na kukisukuma kizibo. Usiku kikipoa kinanywea na kuvuta hewa kidogo ndani. Kila siku hivyo. Nami niliyafundisha haya kwa miaka mingi na bado yalinipata. Niliporudi Tanga nilileta katoni mbili kwa basi, Morogoro, Chalinze, Segera, siku nzima, zikiwa kwenye buti upande wa injini. Nilipozipokea stendi usiku, chini ya katoni palikuwa pamelowa na kunata. Vizibo vilikuwa vimechomoza kama uyoga, na nilipomimina ya kwanza nyumbani ilinuka kama sufuria ya kashata iliyosahauliwa jikoni. Katoni zote mbili zilikwenda kwenye nyama.

Sasa angalia chupa zenu zinakaa wapi. Juu ya friji! Friji haitengenezi baridi kwa uchawi, inachota joto la ndani na kulitoa kwa nyuma, na joto hupanda. Mmeiweka divai juu ya jiko dogo linalowaka saa ishirini na nne, linalotetemeka, karibu na mabati. Ishusheni chini ya kitanda au chini ya kabati la nguo, upande wa ukuta usiopigwa na jua la magharibi. Yenye kizibo cha gome ilazwe, kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kuzungusha ikae utakavyo. Dukani usichukue ile iliyopangwa dirishani ikaota jua, hata muuzaji aisifu namna gani. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimechomoza au shingo inanata, rudisha. Na msinunue ya kuweka miaka. Divai nyingi za bei yetu hutengenezwa zinywewe zikiwa changa, na kwa hali ya hewa ya pwani kwangu hailali nyumbani zaidi ya miezi michache.

Agosti ndiyo sababu yenu bora, na naona hata ninyi hamkujua ubora wake. Zabibu zililetwa Dodoma na wamisionari. Mzabibu wa Ufaransa hulala usingizi wakati wa baridi, hupukutisha majani, ukaamka majira ya kuchipua, mavuno ni mara moja tu. Wa Dodoma haujawahi kuona baridi ya kuulaza. Hauna saa ya ukutani, saa yake ni mkasi wa mkulima: akipogoa, unadhani mwaka umeanza upya, unachipua, unachanua, na kwa muda wa miezi minne hivi kichala kimeiva. Kwa hiyo mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kwenye Agosti na Septemba. Ya kiangazi mimi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mvua haipo, tunda linakolea sukari na halipati ukungu. Nyuki nao wanaijua. Siku ya kukamua, maji ya zabibu yanapotiririka kwenye pipa, hewa yote ni nyuki, na mikono inabaki ya zambarau wiki nzima, sabuni haisaidii. Kwa hiyo sherehe ya mavuno mnayo haki ya kuifanya mara mbili. Mkitaka ya jirani zaidi, watawa Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni kule Lushoto, nao hutengeneza divai, na safari yenyewe inatosha kuwa sababu.

Oktoba, kuihurumia chupa. Chupa ikifunguliwa, hewa inaingia, na bakteria wa siki wanaitumia hewa hiyo kugeuza kilevi kuwa asidi. Ni jambo lilelile mnalolijua kwenye tembo la mnazi: la asubuhi ni tamu, la jioni linauma, la kesho kutwa ni siki ya achari. Divai ni nzito zaidi kwa kilevi na haikimbii hivyo, ila kwenye joto la sebule itaanza kuharibika kesho yake. Irudishie kizibo, iweke kwenye friji, hata nyekundu, na una siku tatu hadi tano. Ikipita hapo, kachumbari ipo, na nyama ya kulowekea ipo. Chupa haihitaji huruma kiasi cha kuimaliza saa sita za usiku.

Pweza wa Julai sina neno, isipokuwa mumpe nyeupe kavu ya baridi, na akiwa wa nazi mpunguze pilipili, maana kilevi huzidisha mwasho.

Karatasi yenu ina pengo moja ambalo nashangaa hamkuliona mkiwa Tanga. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo mwezi wowote mlioujazia sababu, kuna mwaka itaukuta. Mwezi huo chupa zisionekane barazani. Majirani ndio hao wanaowaletea sahani ya futari.

Sasa Jumatano.

Sababu zako kumi na mbili zina watu sita ndani yake. Hii ina mtu mmoja na kazi maalumu: usingizi. Divai inakulaza haraka, hilo huliongopi, kwa sababu inapunguza kasi ya ubongo. Lakini ini linafanya kazi usiku kucha kuiondoa, na glasi moja inalichukua saa moja au mbili. Kilevi kikipungua damuni, ubongo uliokuwa umebanwa unafunguka kama springi. Ndipo unazinduka saa tisa za usiku, moyo unadunda, kiu imekukaba, na choo kinakuita, maana pombe huizuia homoni inayoziambia figo zibakize maji. Asubuhi ukihesabu umelala kwa muda wa saa saba na bado umechoka. Jioni unaitafuta tena. Ikishakuwa hivyo mwili unazoea, na glasi moja haitoshi, zinakuwa mbili, na Jumatano inapata rafiki yake Jumatatu.

Kipimo nacho hudanganya. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150, si tatu za bilauri ya maji. Glasi moja ya asilimia 12 ina mililita 18 za kilevi; bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Watu husikia hivyo wakafurahi kwamba divai ni nyepesi. Ila chupa nzima ina 90, sawa na bia tatu na nusu na kitu. Zile tamu zilizoongezwa nguvu zinapita asilimia 15, soma lebo.

Fanya hivi: wiki nne zijazo, Jumatano usifungue. Jumamosi endelea na wenzako ukitaka, glasi mbili na maji kati yake. Usiku wa Jumatano zima simu mapema, oga maji ya uvuguvugu, chai ya rangi iishie saa tisa alasiri. Ikipita bila shida, basi ilikuwa mazoea tu, umeyakata. Ukijikuta unahesabu saa, unakasirika, unaficha chupa, au unabadilisha siku ili ahadi isivunjike kwa jina, hilo ni jibu pia, na ni la kupeleka kwa mtu aliyesomea. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ni mahali pa kuanzia. Usione haya, wanaona wengi.

Nenda bila kungoja hizo wiki nne ikiwa una mimba au unaitafuta, maana hapo hakuna kiasi salama; ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu, kisukari, presha, usingizi, au metronidazoli; ikiwa macho yamekuwa ya manjano, tumbo linauma juu kulia, au umetapika damu. Na kama kuna mmoja kati yenu sita anayekunywa kila siku na asubuhi mikono inamtetemeka, asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege, na huko kuacha kunataka daktari karibu.

Kuwa na sababu ya kuchekesha kila mwezi hakuna ubaya, ilimradi muwe mnacheka kweli. Ila Mei na Juni zimebaki wazi, na sipendi kuona karatasi ina mashimo. Mei andikeni: kiberiti kimelowa, jiko haliwaki, tufanyeje. Juni: kusi limeanza, chupa iliyofungwa kanga mbichi imepoa yenyewe barazani, na si adabu kuiacha imesimama hapo. Januari, mkichoka na ada, tarehe 22 ni sikukuu ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wa wakulima wa zabibu. Shemeji mwambieni nimesema anunue yeye.